Jiwe Ambalo Halikuanguka Likunja

Nilikabidhi funguo za kituo mwezi uliopita, lakini kila siku saa tatu kamili asubuhi bado natoka nje kutazama mawingu, ingawa hakuna tena anayesubiri niyaandike. Mume wangu anasema ni ugonjwa na utapona wenyewe. Wakati nangoja upone, nimeona niwaandikie nyinyi mnaobaki kituoni hapa Nachingwea, hasa ninyi wawili mlioanza mwaka huu. Mnadhani kazi yetu ni kusoma vipimo na kutuma namba, na kweli ndiyo kazi. Ila kuna upande wake ambao chuoni hawakuwafundisha. Kwa watu wa huku, mpima hali ya hewa ndiye anayehusika na kila kinachotoka juu. Mvua ni yangu, radi ni yangu, upepo ulioezua banda la kuku ni wangu. Na mwaka mmoja, jiwe nalo lilikuwa langu.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na viatu vya kisigino. Mzee Kondo, aliyekuwa mpimaji mkuu wakati huo, aliviangalia, kisha akaziangalia nyasi zilivyolowa umande. Alinipeleka kwenye kile kibanda cheupe ambamo vipimajoto hukaa kivulini, akafungua mlango.

"Soma."

"Ishirini na mbili nukta tano hivi," nikasema.

"Hivi ndiyo nini?"

Nikasoma tena. Ilikuwa ishirini na mbili nukta tatu. Mzee Kondo akaandika namba kwenye daftari kwa wino, akafunga mlango, akaniambia kwamba kesho nije na viatu vya kawaida na neno "hivi" nilibakize nyumbani. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya wiki ya kwanza, na sijapata mafunzo mengine yaliyonifaa zaidi.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa ule mpira wa kioo wa kupimia jua. Jua likiwaka, kioo huukusanya mwanga na kuchoma mstari kwenye karatasi iliyowekwa nyuma yake. Wingu likipita, mstari unakatika. Jioni unaitoa karatasi na siku nzima iko mkononi mwako, imeandikwa na jua lenyewe. Siku hizi mna mashine inayotuma kila kitu yenyewe. Sina ugomvi nayo. Ila haijawahi kumfurahisha mgeni yeyote aliyetembelea kituo.

Jina la Mama Mvua nilipewa mwaka ambao mvua haikunyesha. Halikuwa sifa. Hata hivyo watu walizidi kuja, na hawakuja kuuliza mvua tu. Kuna bwana mmoja wa Marambo aliniletea jiwe la angani kwenye baiskeli, limefungwa kwa kitenge cha mkewe. Alilikuta akilima ufuta. Lilikuwa zito, jeusi, lenye kutu, na sumaku ililishika barabara. Moyo ulinidunda, kwa sababu kimondo cha Mbozi nacho ni chuma, na nilikwisha anza kuiona picha yangu gazetini. Mzee Kondo akaligeuza mara mbili, akakwangua kutu kwa kisu, akanionyesha meno ya gia. Kilikuwa kipande cha trekta la enzi za mashamba makubwa ya karanga, yale ya Waingereza yaliyokufa kabla sijazaliwa.

"Kimetoka mbali," Mzee Kondo akamwambia yule bwana kwa upole, "lakini kimekuja kwa meli."

Baada yake walikuja wengine. Wa kutoka Ruangwa walikuwa wakileta mawe meusi yanayoacha weusi mikononi, nami nikajifunza kuyatambua kwa kuyagusa tu, kwamba ni kinywe, yale madini wanayoyachimba huko sasa. Katika miaka yangu yote sikuletewa kimondo hata kimoja cha kweli. Nawaambia haya ili mkiletewa jiwe msicheke. Mtu aliyebeba jiwe kilomita ishirini anastahili kupimiwa.

Mzee Kondo alistaafu, nami nikakaa kwenye kiti chake. Baadaye ukaja ule mwaka wa jua kupatwa mchana. Nyinyi mlikuwa shuleni, huenda mnakumbuka. Tulijua siku na tulijua dakika. Niliwaalika majirani waje kituoni, na kwa kuwa sikuwa na miwani ya kuwatosha, niliwapeleka chini ya mkorosho ulio nyuma ya ofisi. Mwanga unaopenya kati ya majani huchora vidoa vya duara ardhini. Jua lilipoanza kumegwa, vile vidoa vyote navyo vikamegwa, mamia kwa mamia, kana kwamba mtu amemwaga miezi michanga kwenye mchanga. Kina mama walikuwa wakiikinga kwenye viganja vyao. Dakika ile tuliyoambiwa jua litaanza kurudi, likaanza kurudi. Niliporudi kuangalia karatasi ya mpira wa kioo, mstari ulikuwa umefifia kisha ukakolea tena.

Nimefika kwenye lile jiwe.

Mnajua tuna wasomaji wa kujitolea vijijini, wenye kipima mvua uani kwao, ambao kila asubuhi hututumia namba kwa simu. Msomaji wa Likunja, upande wa Ruangwa, alikuwa Issa, mkulima wa korosho. Katika miaka kumi na minne Issa hakuwahi kukosa. Hata kiangazi, miezi ambayo hata tone halianguki, kila siku ilikuja sifuri yake. Wengine huacha kutuma kiangazi kwa kuona hakuna cha kutuma. Issa alikuwa anaelewa kwamba sifuri nayo ni kipimo.

Mwaka ule, katikati ya msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, sifuri ya Likunja haikuja. Siku ya kwanza nikadhani mtandao. Ya pili nikapiga simu, ikaita bila kupokelewa. Ya tatu nikachukua likizo ya siku mbili, nikapanda gari la Ruangwa, nikamalizia kwa bodaboda.

Nilimkuta Issa amekaa barazani, mikono magotini, saa nne asubuhi, saa ambayo mkulima wa korosho ndiyo kwanza anarudi kutoka shambani ametapakaa unga wa salfa. Mifuko yake ilikuwa stoo haijafunguliwa. Binti yake Rehema, aliyekuwa kidato cha nne, alikuwa anachambua mboga uani siku ya shule.

"Issa, unaumwa?"

"Siumwi, Bi Somoe."

"Sasa mbona hupulizii? Ugonjwa wa ubwiri unga utaimaliza mikorosho yote."

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mwenzake ambaye hajapewa habari za msiba. "Kwani nyinyi huko Nachingwea hamjasikia?"

Rehema akaleta simu, akanisikilizisha. Ilikuwa sauti ya mwanamume, tulivu, Kiswahili safi. Alisema jiwe kubwa kama mlima linakuja kutoka angani, kwamba wataalamu wa dunia wanajua lakini wanaficha, kwamba litaanguka kusini mwa Tanzania siku ya Alhamisi, wiki tatu zijazo. Alilitaja jiwe kwa jina lake la kitaalamu, la namba na herufi. Alisema mwanzoni nafasi ya jiwe kuigonga dunia ilikuwa ndogo na sasa imeongezeka, na kama ni uongo, kwa nini inaongezeka? Mwisho akawataka watu waache mambo ya dunia na watume ujumbe ule kwa wengine.

Likunja yote ilikuwa imeusikia. Wengine waliucheka. Lakini wengi walikuwa kama Issa. Hawakupiga kelele wala hawakukimbia. Walikuwa wameacha tu kufanya kazi.

"Rehema naye mbona yuko nyumbani?" nikauliza.

"Mtihani uko baada ya hiyo Alhamisi," Issa akasema. "Nikaona bora tuwe pamoja."

Rehema hakuinua macho kutoka kwenye mboga. Baadaye mama yake aliniambia jikoni kwamba binti huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu darasani kwao, na kwamba tangu arudi hajazungumza zaidi ya maneno ya lazima.

Nitawaambia ukweli, wadogo zangu. Nilitaka kusema pale pale kwamba ni upuuzi. Kilichonizuia ni kwamba sikujua. Mimi ni mtu wa mawingu. Mambo ya mawe yanayozunguka jua sikuyasomea, na ile habari ya nafasi kuongezeka ilinisumbua hata mimi. Nilimwomba Issa kitu kimoja, anipe siku tano. Akasema siku tano anazo, wiki tatu zikiwa zimebaki.

Nina rafiki yangu, Upendo, tuliyekaa dawati moja sekondari, ambaye sasa anafundisha fizikia chuo kikuu. Nilimpigia siku ile ile. Hakucheka. Alinitumia kurasa, nikazisoma usiku na mchana, nikampigia tena mara nne. Jiwe lilikuwa la kweli, na jina lake lilikuwa la kweli. Hapo ndipo ujumbe ule ulipopata nguvu, kwa kuanza na kweli. Na nafasi ya kugonga ilikuwa imepanda, kisha ikashuka hadi kuisha kabisa, wiki kadhaa kabla ya ile sauti kuanza kuzunguka. Aliyerekodi alikuwa ameishia nusu ya habari. Jiwe lingepita mbali kuliko mwezi ulipo.

"Lakini kwa nini ilipanda kwanza?" nikamuuliza Upendo.

"Somoe, wewe si unafuatilia vimbunga vya baharini? Siku ya kwanza unachora eneo kubwa ambamo kimbunga kinaweza kupita. Kila siku unalipunguza. Fikiria Mtwara iko ndani ya eneo hilo, pembeni."

Sikumwacha amalize. Nilikuwa nimeshaelewa, na nilicheka peke yangu ofisini kwa furaha ya kuelewa, jambo ambalo mtu wa umri wangu hulipata mara chache.

Siku ya tano nikarudi Likunja. Mwenyekiti wa kijiji aliita watu uwanjani mbele ya ofisi alasiri, wakaja wengi kuliko nilivyotarajia. Shehe Bakari wa msikiti wa kijiji alikaa mbele. Nilimwogopa kidogo, maana sikujua yeye yuko upande gani.

Nilianza kwa kukubali. Nikawaambia mawe huanguka kweli kutoka angani. Madogo huanguka kila siku na mengi huungua njiani, ndiyo vile vimondo tunavyoviona vikichora mstari. Lililoko Mbozi lilifika chini. Na zamani sana, kabla ya binadamu, lilianguka moja lililobadilisha dunia. Kwa hiyo sikuja kuwaambia haiwezekani. Nimekuja kuwaambia kuhusu hili moja.

Nikaomba ungo, sahani na kikombe. Nikaweka korosho moja juu ya meza, nikasema hiyo ni dunia. Nikaufunika ungo juu yake.

"Siku walipoliona jiwe mara ya kwanza walijua tu kwamba litapita mahali fulani chini ya ungo huu. Ungo ni mpana, korosho ni moja. Nafasi ya kuigonga ni ndogo au kubwa?"

"Ndogo," wakajibu.

"Wakaendelea kulipima. Wakapata uhakika zaidi." Nikautoa ungo, nikaweka sahani, korosho ikiwa bado chini yake karibu na ukingo. "Sasa litapita chini ya sahani. Korosho ni ile ile, sahani ni ndogo. Nafasi imepanda au imeshuka?"

Watu wakainama kuitazama sahani. Kisha sauti ya msichana ikatoka nyuma. "Imepanda. Lakini jiwe halijahama. Ni kipimo ndicho kimekuwa kizuri zaidi."

Ilikuwa Rehema.

"Wakapima tena," nikasema, nikatoa sahani na kufunika kikombe mahali pale palipokuwa katikati ya sahani. Korosho ikabaki nje, peke yake, kila mtu akiiona. "Sasa?"

Watu walicheka kicheko cha kushusha pumzi. Lakini Issa alisimama, na sikumlaumu, kwa sababu ndivyo nilivyomzoeza kwa miaka kumi na minne, asikubali kitu kabla hakijapimwa.

"Bi Somoe, mimi nakuheshimu. Lakini mvua tu huwa mnakosea. Mwaka juzi mlisema itawahi, ikachelewa. Jiwe la huko juu mtaliweza?"

"Mvua ni ngumu kuliko jiwe," nikamjibu. "Hewa inasukumwa na bahari, na milima, na joto, na yenyewe kwa yenyewe. Huko juu hakuna hewa. Jiwe likishaanza safari linafuata njia yake, na ukiijua njia unajua saa. Wanaopiga hesabu hizo ndio hao hao waliotuambia dakika ya jua kupatwa. Na si kuangalia tu. Wameshakwenda kuligonga jiwe moja dogo kwa chombo, makusudi, kujaribu kama linaweza kusukumwa kidogo. Likasukumika."

"Hayo tunayasikia. Hatuyaoni."

Nilikuwa nimelitarajia neno hilo. "Leo jioni, saa moja kasoro dakika nane, mtaona nuru inatokea kule kusini magharibi, inapita juu yetu kimya kimya, inaelekea kaskazini mashariki. Ni kituo cha angani wanamoishi wataalamu, kinazunguka dunia mara nyingi kwa siku. Hesabu yake ni ya aina ile ile. Kikichelewa dakika moja tu, kesho msipulizie."

Nilipomaliza kusema, nikatazama juu. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kutoka kusini mashariki, mafungu mafungu, na kufikia saa kumi na moja yalikuwa yamefunika zaidi ya nusu ya anga. Upendo alinipa dakika. Mawingu hakunipa, kwa kuwa hayo yalikuwa kazi yangu.

Shehe Bakari alinisogelea. "Mama, haya yataondoka?"

Nikayaangalia kama nilivyoyaangalia maisha yangu yote. Yalikuwa mawingu ya mchana, ya upepo wa kusi, yanayolishwa na joto la ardhi. Hayakuwa na urefu. Jua likizama, ardhi ikipoa, hayana cha kuyashikilia.

"Yataondoka jua likizama," nikasema. Sikusema "hivi".

Wakaenda kuswali magharibi, wakarudi. Mawingu yalikuwa yanachanika. Saa moja kasoro robo kulikuwa na nyota mbili. Saa moja kasoro kumi, kusini magharibi palikuwa peupe. Rehema alishika simu ya baba yake akisoma dakika kwa sauti. Uwanja mzima uligeukia kusini magharibi. Alipotamka "kasoro nane", nuru ikachomoza juu ya paa la ofisi ya kijiji, ikiwa na mwanga wa utulivu, haipepesi, ikapanda juu, ikapita karibu na utosi wetu na kuteremka upande wa pili. Wazee waligeuza shingo taratibu kuifuata mpaka ikaingia kwenye kivuli cha dunia na kupotea. Kisha makofi yakaanza, na nawaambieni, katika kazi yetu watu hawapigiwi makofi.

Shehe Bakari akaomba kusema. "Mimi katika kitabu changu siku ya mwisho sijapewa tarehe. Huyu wa kwenye simu amepewa na nani? Kesho kila mtu aende shamba."

Wakati naondoka asubuhi, Rehema alinifuata hadi kwenye bodaboda akiwa amevaa sare ya shule.

"Shikamoo. Ile hesabu ya dakika, mtu akitaka kuipiga mwenyewe anaanzia wapi?"

"Marahaba. Anaanzia kwenye mtihani wa kidato cha nne."

Akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akicheka.

Alhamisi yenyewe nilikuwa zamu. Anga safi, upepo dhaifu wa kusini, mvua sifuri. Saa mbili asubuhi simu ya Issa ikaita, nyuma yake pampu ya kupulizia ikinguruma.

"Bi Somoe, Likunja sifuri."

"Nimepokea."

"Na lile jiwe?"

"Limeshapita, tangu alfajiri."

"Umeliona?"

"Sijaliona."

Nikajiandaa kueleza upya. "Haya," akasema, "ngoja nimalizie mstari huu kabla upepo haujaamka."

Msimu ule mikorosho ya Likunja ilizaa vizuri. Mingine ilikuwa imechelewa kupuliziwa na ikapata ubwiri unga, lakini hakuna shamba lililokufa. Rehema alifaulu. Yuko kidato cha sita sasa, mchepuo wa fizikia na hesabu, shule ya bweni, na Issa haachi kuwaambia watu jambo hilo hata wakiwa wameuliza habari za ufuta.

Wiki mbili baada ya kustaafu kwangu Rehema alinipigia akiwa likizo nyumbani. Alisema kuna sauti mpya inazunguka, jiwe jingine, mwezi mwingine, safari hii inasemekana litaangukia Nanganga. Nikaanza kutafuta kalamu. Nikamwambia anipe jina la jiwe, nitampigia Upendo, na kama watu wana hofu naweza kuja Jumamosi.

"Hapana, bibi, usihangaike," akasema. "Nilikwenda Nanganga jana na ungo. Wameshaelewa, na leo wako shamba. Nilikuwa nakupa taarifa tu."